Kigoda Kilichorushwa Kanisani

Jumapili, 23 Julai 1637, kanisa la St Giles, Edinburgh. Kasisi anaanza kusoma kitabu kipya cha sala, amri ya Mfalme Charles wa Kwanza. Watu wanachachamaa, vigoda vinaanza kuruka. Masimulizi yanasema wa kwanza kurusha alikuwa Jenny Geddes, mama muuzaji wa mtaani. Mwaka uliofuata Waskoti wakatia sahihi Agano la Kitaifa, kisha vita.

Vita hata havikunishika. Kilichonishika ni jina la kigoda: creepie. Kifupi, mara nyingi cha miguu mitatu, cha kukalia karibu na moto. Nikaanza kuchimba, kumbe nyumba ya Mskoti wa zamani ilikuwa na msamiati wake mzima. Kwa nyumba ya vyumba viwili, cha nje chenye jiko kiliitwa but, cha ndani cha heshima ben. Kist ni kasha, na msichana aliweka mashuka yake humo akingoja kuolewa. Girnel ilikaa unga. Lum ni dohani. Swey ni mkono wa chuma unaozunguka juu ya moto, unatundika sufuria hapo. Crusie, taa ya mafuta ya samaki, binamu kabisa wa koroboi.

Mengine yalikufa na vitu vyenyewe. Jiko la chuma lilipoingia, swey ikakosa kazi. Hapo sina neno.

Lakini kuna shule. Sheria ya elimu ya 1872 iliwapeleka watoto wa miaka 5 hadi 13 darasani, na darasani ni Kiingereza. Kiskoti kikaitwa Kiingereza kibovu, na watoto wakachapwa kwa kukisema. Nikasoma hapo nikakumbuka disk, kile kibao nilichovishwa shingoni darasa la nne kwa kuongea Kikuyu. Na wamishonari waliofungua kituo pale Kikuyu mwaka 1898 walikuwa Waskoti, jo! Sisemi disk ni yao. Nasema tu wengine wao huenda walijua fimbo hiyo kabla yetu.

Si yote yalipotea. John Jamieson alichapisha kamusi yake ya Kiskoti mwaka 1808, na kabati la ukutani hadi leo wengi huko wanaliita press.

Jana nilimpigia cucu, nikamuuliza kigoda chake cha jikoni kinaitwaje. Akacheka, ati si wewe ndiye ulikuwa unakikalia? Njũng'wa, akasema. Ikabidi arudie, nikiandika.