Jumba Analoishi Bwana Browne

Mwaka 1964 mwigizaji wa Kiingereza David Tomlinson alikuwa mwenye nyumba wa kupigiwa mfano. Katika Mary Poppins aliigiza George Banks, mtu wa benki, bwana wa nyumba namba 17 ya Cherry Tree Lane, mwenye mke, watoto, mpishi, na imani kwamba kila kitu ndani ya kuta zile kinakwenda kwa saa yake. Miaka 7 baadaye, kwa kampuni ileile ya Walt Disney na mwongozaji yuleyule, Robert Stevenson, akarudi kwenye skrini bila nyumba. Katika Bedknobs and Broomsticks yeye ni Emelius Browne, mfanya mazingaombwe wa barabarani anayeuza masomo ya uchawi kwa njia ya posta. Anaishi katika jumba la kifahari la London, lakini si lake, wala halipii kodi.

Mwenye jumba hatumwoni hata mara moja. Bomu la Wajerumani limejikita mbele ya nyumba bila kulipuka, wakazi wamekimbia, na Browne akajipatia makao ambayo kwa kazi yake asingeyapata maishani. Filamu inalichukulia jambo hili kama mzaha, na mzaha wenyewe ni mzuri: hakuna mlinzi anayefukuza wadai kama bomu. Hata hivyo, mtu huyu asiyeonekana ndiye anayeiendesha hadithi kwa mali aliyoiacha nyuma. Mwanafunzi wa Browne, Bi Eglantine Price (Angela Lansbury), anamfuata London akitafuta maneno ya uchawi ya mwisho katika masomo yake. Huku wakubwa wakibishana, watoto watatu waliofuatana naye wanavamia chumba cha watoto cha jumba lile, na mdogo wao, Paul, anakutana na kitabu cha picha kuhusu kisiwa cha Naboombu. Kitabu hicho ndicho kinachowaelekeza huko baadaye. Kwa hiyo nyuma ya baba asiyeonekana kuna mtoto asiyeonekana pia, aliyeondolewa kwa haraka hata kitabu chake kikabaki.

Jumba hili ni la filamu, si la vitabu vilivyoizaa. Mary Norton, aliyeanza kuandika hadithi hizi wakati wa vita akifanya kazi New York katika ofisi ya serikali ya Uingereza ya ununuzi, alimweka Emelius wake katika karne ya 17, katika London ya mwaka 1666. Disney walimhamishia Agosti 1940, na wakati wa vita ukawaletea nyumba tupu bila kuitafuta. Mtazamaji mkali wa tarehe anaweza kulalamika kidogo, kwa kuwa mashambulizi makubwa ya anga dhidi ya London yalianza Septemba 7 mwaka huo, ingawa mabomu yalikwisha kuanguka katikati ya jiji usiku wa Agosti 24. Kuanzia Septemba 7 jiji lilipigwa usiku 57 mfululizo.

Inakadiriwa kwamba takriban bomu 1 kati ya 10 halikulipuka lilipoanguka. Mengine yalikuwa mabovu. Mengine yalitegwa saa, yakasubiri siku mbili au tatu ili yaue watu waliokwisha kurudi. Ndiyo maana mtaa mzima ulifungwa kwa kamba na wakazi wakaamriwa kutoka, pengine wakiwa na nguo walizovaa tu. Kazi ya kuyategua ilikuwa ya askari wahandisi. Walichimba udongo kwa mkono hadi walifikie ganda, mara nyingi mita kadhaa chini, kisha mtu mmoja akashuka shimoni kushughulikia fyuzi wakati wenzake wakirudi nyuma. Septemba 12, 1940, bomu zito lilizama ardhini karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Luteni Robert Davies na kikosi chake walilifukua kwa siku tatu, kisha akalipakia kwenye lori na kulipeleka mwenyewe vinamasi vya Hackney likalipuliwe huko. Yeye na askari George Wyllie walipewa Msalaba wa George.

Katika hali hiyo, kuingia nyumba ya mtu aliyekimbia bomu hakukuwa mchezo. Sheria za dharura ziliruhusu hata hukumu ya kifo kwa mporaji, ingawa hakuna aliyenyongwa. Browne angejitetea kwamba hajaiba, amelala tu. Nadhani hakimu asingecheka.

Waliokimbia mapema walikuwa wenye uwezo. Wengine walikuwa na nyumba za mashambani, wengine jamaa Marekani au Kanada. Lansbury mwenyewe, mzaliwa wa London, aliondoka na mama yake mwaka 1940 kwenda Amerika akiwa kijana. Watoto wa familia za kawaida walipelekwa vijijini kwa treni wakiwa na vitambulisho shingoni. Katika siku za kwanza za Septemba 1939 pekee walihamishwa watu wapatao milioni 1.5, wengi wao watoto wa shule. Charlie, Carrie na Paul wa filamu ni kizazi hicho. Bahari nayo haikuwa salama: Septemba 17, 1940 meli City of Benares ilizamishwa, na watoto 77 waliokuwa wakipelekwa Kanada chini ya mpango wa serikali walifariki.

Swali la nani ana haki ya makao lilizuka wakati wa vita, wala halikuisha navyo. Septemba 14, 1940, watu wa Stepney, mashariki mwa London, wakiongozwa na Phil Piratin wa Chama cha Kikomunisti, walijitoma katika handaki la hoteli ya Savoy kudai kwamba mahandaki salama yasiwe ya matajiri pekee. Mwaka 1946, nyumba zikiwa haba kwa sababu ya mabomu, maelfu ya familia zilihamia kambi za jeshi zilizoachwa. Septemba 8 mwaka huo familia kadhaa zikaingia Duchess of Bedford House, jengo la fleti za kifahari huko Kensington. Serikali iliyovumilia kambi haikuvumilia hapo. Viongozi watano wa Chama cha Kikomunisti walikamatwa kwa shtaka la kula njama, na kabla ya mwezi kwisha familia zikaondoka.

Browne aliponyoka yote hayo kwa njia rahisi zaidi. Mwisho wa filamu anajiandikisha jeshini na kuondoka na askari, jumba likiwa bado London na bomu lake mlangoni.