Mshikamapokeo na mpyaishaji

Mhafidhina na mwanamaendeleo ni istilahi mbili zinazotumika kutaja pande mbili za Wakristo wanaovutana juu ya ndoa, utoaji mimba, wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji na namna ya kusoma Biblia. Katika nchi kama Marekani mvutano huo umefika hadi kwenye sanduku la kura. Istilahi ya kwanza ina kazi nyingine tayari. Ya pili haikupaswa kutungwa.

Mhafidhina asili yake ni Kiarabu, mzizi wa kutunza na kulinda. Mzizi huohuo umekizalia Kiswahili hifadhi, mhifadhi na hafidhi, yaani aliyeiweka Kurani yote kichwani. Kiishio -ina ni masalia ya wingi wa Kiarabu, ambao Kiswahili kiliuchukua mzimamzima, kama kilivyofanya kwa mujahidina, kisha kikauvika m- na wa-. Kwa hesabu ya Kiarabu, basi, mhafidhina mmoja ni watu kadhaa. Hilo halidhuru, kwa kuwa lugha haiombi ruhusa inapochukua. Kinachodhuru ni kazi ambayo neno limekwisha kupewa. Tangu vyama vingi virudi Tanzania mwaka 1992, magazeti yamelitumia kwa wanasiasa wanaopinga mageuzi, hasa wale wa ndani ya CCM Zanzibar waliohesabiwa kuwa wagumu kwa maridhiano. Mjini Babati, chini ya mlima Kwaraa, mhifadhi ni mtu wa kawaida: ndiye anayepigiwa simu tembo wa Tarangire wakiingia kwenye mahindi. Mhafidhina ni mtu wa redioni, na anayemsikia hujua mara moja kuwa ni mtu wa chama.

Mwanamaendeleo ana balaa kubwa zaidi. Maendeleo yametokana na endelea, nayo endelea na enda, kwa hiyo mzizi hausemi lolote juu ya mafundisho ya dini. Neno hili lilikabidhiwa serikali zamani. Lina afisa wake, Afisa Maendeleo ya Jamii, lina vikundi vyake na lina mikopo yake ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Mkristo mwanamaendeleo, kwa masikio ya Babati, ni yule anayetoa bati za kuezekea kanisa na kumnunua jogoo wa sadaka mnadani baada ya ibada kwa bei ambayo hakuna mtu angeitaja sokoni. Mtu huyo anaweza kuwa mkali kuliko wote juu ya ndoa. Ikiwa kuna kamati iliyolipitisha neno hili, ni dhahiri haikuketi karibu na ofisi ya kata.

Kosa la tatu halina hata heshima ya kuitwa tafsiri. Habari za uchaguzi wa Marekani hueleza mara kwa mara kwamba “Wainjilisti” walimpigia kura mgombea fulani. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mwinjilisti ni mtumishi wa mtaa: huongoza ibada mchungaji asipokuwapo, hufundisha kipaimara, huzika. Msomaji anayeambiwa kuwa mamilioni ya wainjilisti wa Marekani wana chama chao cha siasa ana haki ya kushangaa jinsi kanisa la huko linavyomudu kuwalipa. Wanaokusudiwa ni waumini wa makanisa ya wokovu na uamsho, wale ambao mwaka 1979 mhubiri Jerry Falwell alianza kuwakusanya kisiasa kupitia jumuiya ya Moral Majority. Wala “Kiinjili” iliyo katika jina la KKKT haiwahusu, maana hiyo inafuata evangelisch ya Wajerumani, ambao kwao neno hilo humaanisha Kiprotestanti tu.

Udhaifu wa istilahi zilizopo huonekana wazi zinapopimwa kwa mambo yaliyotokea nchini. Mwanzoni mwa 2010 maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Dodoma. Walikataa ndoa za jinsia moja, pamoja na misaada ya wale wanaozihalalisha. Kwa kipimo cha magazeti, hao ni wahafidhina. Mwaka 2018 maaskofu wa kanisa hilohilo, wakiongozwa na Askofu Fredrick Shoo, walitoa waraka wa Pasaka, “Taifa Letu, Amani Yetu”, uliodai uhuru wa kujieleza na kuugusa mchakato wa Katiba Mpya. Je, waligeuka wanamaendeleo ndani ya miaka minane? Hawakugeuka hata kidogo. Upande wa Katoliki mambo ni hayohayo, tena kwa muda mfupi zaidi. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilipinga hadharani mkataba wa bandari na kampuni ya DP World. Desemba mwaka huo Vatikani ikatoa Fiducia supplicans, tamko linaloruhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, na Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kwa sauti ya Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, wakasema baraka hizo hazitatolewa barani. Mkristo wa nchi hii anaweza kuibana serikali na kuyashika mafundisho ya kale kwa mkono uleule. Istilahi iliyotoka kwenye siasa za vyama, pamoja na “mrengo wa kulia” na “mrengo wa kushoto” ambayo ni mipangilio ya viti vya bunge la Ufaransa la 1789, haimwoni.

Mkoa wa Manyara, ulimo mji wa Babati, una sababu yake ya kuhitaji maneno sahihi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilianzishwa miaka ya 1950 na wamisionari wa Norwei. Kanisa la Norwei limefungisha ndoa za jinsia moja tangu 2017, ilhali Misioni ya Kilutheri ya Norwei imebaki na fundisho la zamani. Anayesema “Wanorwei wamebadilika” anawachanganya watu wanaopingana kwao wenyewe.

Istilahi inayofaa kwa upande wa kwanza ni mshikamapokeo. Muundo wake si mgeni: Kiswahili kina mshika dini tangu kale, na mshikadau limeingia ofisini bila kuulizwa pasipoti. Mapokeo, kutoka pokea, ni kile kilichopokewa, nalo ni neno la kanisani tayari. Wapo wanaolipinga kwa kuwa katika Marko 7 linatumika kulaumu. Wangeendelea kufungua kurasa. Katika Biblia ya Union Version, kushika na mapokeo vinakutana Marko 7 kwa lawama na vinakutana tena 2 Wathesalonike 2 kwa agizo. Neno ambalo Maandiko yenyewe yamelitumia kwa kulaumu na kwa kuagiza halimpendelei mtu, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya istilahi.

Kwa upande wa pili, mpyaishaji. Kupyaisha na upyaisho husikika katika mahubiri na katika matangazo ya Kiswahili ya Vatikani. Pingamizi kwamba -pya ni kivumishi na hakizai kitenzi limetolewa na watu wanaofupisha, wanaosafisha, wanaosahihisha na wanaoboresha kila siku. “Wanaokwenda na wakati”, chaguo la wengi mitaani, lina ladha nzuri, lakini hukumu imo ndani yake tayari: anayekwenda na wakati husifiwa kwa viatu vyake, na upande wa pili unaachwa nyuma kabla hoja haijaanza. Mwanamageuzi nalo halipatikani, kwani ni la vyama, na Matengenezo ya karne ya 16 yana jina lake.

Kwa matumizi: mshikamapokeo, washikamapokeo, ushikamapokeo, mpyaishaji, wapyaishaji, upyaishaji. Maneno haya huandikwa kwa herufi ndogo na bila kistari. Hutaja msimamo juu ya mafundisho tu, na msimamo juu ya serikali hutajwa kwa neno lake. Hayatumiki kutenganisha Wapentekoste na makanisa ya kimisioni, kwa kuwa pande zote mbili zimo ndani ya kila dhehebu.