Farakana na fariki

Ningepewa kipaza sauti katika kibanda umiza cha Bariadi nitafsiri *The Royal Tenenbaums*, filamu ya Wes Anderson ya 2001, ningekwama mapema. Watoto watatu wenye vipaji, mmoja wa fedha, mmoja wa tamthilia, mmoja wa tenisi, wamekua kila mtu na vituko vyake, na baba yao hawaelewani naye. "Wamegombana" haitoshi. Ugomvi huisha jioni kwenye sahani ya michembe. Linalofaa ni farakana, maana lina umbali ndani yake: ndugu wamekosana kwa fedha za pamba, mmoja kahamia Maswa, na salamu sasa hupitia kwa shangazi.

Neno ni la asili ya Kiarabu, mzizi uleule uliotupa fariki, ambalo kwa asili ni kutengana. Kumbe tukisema mzee amefariki, tunasema ametuacha tu; kifo chenyewe hatujakitaja.

Sasa baba wa filamu, aliyeigizwa na Gene Hackman, anasingizia saratani ili arudi nyumbani. Anadai yu karibu kufariki ili wasifarakane tena. Mtafsiri wa kibandani angeupata mchezo huo wa maneno bure. Anderson kwa Kiingereza chake hakuwa nao. Kazi ingebaki kwenye kutafsiri tenisi.