Seva ya nyumbani kwa chumba cha gemu

Seva ya nyumbani kwa chumba cha gemu ni kompyuta inayowekwa katika nyumba, klabu au ukumbi mdogo ili kuhudumia kompyuta za wachezaji zilizounganishwa kwenye mtandao mmoja wa ndani, yaani LAN. Kazi zake kuu ni tatu: kuendesha mchezo ambao wachezaji wote wanajiunga nao, kutunza nakala za mafaili ya gemu ili kila mashine isiyapakue upya kutoka intaneti, na kugawa anwani na majina ndani ya mtandao. Wengi wanaoanza huelekeza fedha zao kwenye kazi ya kwanza, wakanunua prosesa kubwa na hata kadi ya picha. Hesabu za matumizi zinaonyesha kinyume: mzigo mzito wa chumba cha gemu umo katika kazi ya pili, na kwa hiyo seva ipimwe kwanza kwa diski na waya wake.

Asili ya mpangilio

Mitandao ya aina hii inatumia Ethernet, teknolojia iliyobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox PARC, California, na ikawekewa viwango vya IEEE 802.3 mwaka 1983. Gemu ya Doom, iliyotolewa Desemba 1993, iliwezesha watu wanne kupambana kupitia LAN bila seva yoyote: kila kompyuta ilikokotoa mchezo mzima na kubadilishana na wenzake amri za wachezaji tu. Toleo la kwanza lilirusha pakiti kwa kila mashine iliyokuwa kwenye mtandao, hata zisizohusika na mchezo, na hilo lililemea mitandao ya ofisi na vyuo. Quake ya mwaka 1996 ilishika njia nyingine, ambayo ndiyo iliyoenea: seva moja inaamua nani yuko wapi na nani kapigwa, nazo kompyuta za wachezaji zinapokea uamuzi huo na kuchora picha. Kutokana na mgawanyo huo, seva ya gemu haihitaji kioo wala kadi ya picha, kwa sababu hakuna anayeitazama.

Mzigo ulipo

Kinachosafiri wakati wa mchezo si picha. Ni mahali alipo mchezaji, upande anaotazama na kitufe alichobonyeza, na kwa gemu ya risasi taarifa hizo aghalabu hazifiki megabiti moja kwa sekunde kwa kila mtu. Hata wachezaji 16 wakihesabiwa kwa kiwango hicho cha juu, wanatumia megabiti 16 kati ya 1,000 ambazo swichi ya kawaida ya gigabiti inapitisha katika kila mlango. Prosesa nayo ina kazi, lakini kazi hiyo ina mpaka. Seva ya Minecraft toleo la Java, kwa mfano, hukokotoa ulimwengu wake mara 20 kwa sekunde, yaani ina milisekunde 50 kwa kila mzunguko, na sehemu kubwa ya ukokotoaji huo hufanywa na kiini kimoja cha prosesa. Viini vichache vyenye kasi ni bora kuliko vingi vya polepole, na kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye RAM ya gigabaiti 16, inatosha kwa kundi la marafiki.

Mafaili yana hesabu nyingine kabisa. Gemu kubwa za leo hufikia au kupita gigabaiti 100. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, gemu moja ya ukubwa huo huchukua takribani saa 11 kupakuliwa, na kompyuta kumi zikiipakua kila moja kivyake zitahitaji saa 111, zaidi ya siku nne na nusu, huku laini ikiwa haifai kwa jambo lingine lolote. Seva ikitunza nakala, saa 11 hizo hulipwa mara moja. Mashine tisa zilizobaki huchota gigabaiti 900 kupitia waya wa gigabiti moja, kazi ambayo kwa kasi kamili ya waya ni ya saa mbili. Hakuna prosesa inayoweza kuokoa muda wa namna hiyo. Ndiyo maana kumbi nyingi za Asia zimekwenda mbali zaidi na kutumia kompyuta zisizo na diski kabisa, ambazo huwaka na kusoma gemu zote kutoka kwenye seva.

Nakala hizo hutunzwa kwa programu huria kama Lancache. Programu hiyo hujibu maswali ya majina ya mtandao: kompyuta inapouliza anwani ya hazina ya Steam, duka la gemu la mtandaoni, hupewa anwani ya seva iliyomo chumbani. Seva hulileta faili mara ya kwanza, hulihifadhi, kisha huwapa wengine. Njia hii inafanya kazi pale tu mafaili yanaposafirishwa bila kufichwa kwa HTTPS, na kompyuta iliyowekewa seva nyingine ya majina itapita pembeni bila mtu kugundua. Kwa upande wa vifaa, diski ya sumaku humudu msomaji mmoja, lakini wasomaji kumi wanaosoma sehemu tofauti huilazimisha kurukaruka na kasi yake huporomoka. Hapo SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazosogea, inalipa gharama yake. Waya wa Cat5e hupitisha gigabiti moja hadi mita 100. Wi-Fi haifai kwa kazi hii, kwani vifaa vyote hupokezana masafa yaleyale.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba intaneti imekuwa ya kasi na seva imepitwa na wakati. Kasi imeongezeka kweli, lakini umbali haupungui. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari wa moja kwa moja, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 75, na njia halisi ya kebo ni ndefu zaidi. Ndani ya chumba, safari hiyo huwa chini ya milisekunde moja. Tena laini ya nje hukatika: Mei 12, 2024, hitilafu za kebo za baharini za EASSy na Seacom ziliyumbisha intaneti ya Afrika Mashariki, ilhali mtandao wa ndani haukuwa na sababu ya kusimama.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: gemu nyingi zimeacha LAN. StarCraft II ilitoka mwaka 2010 bila njia hiyo, ingawa mtangulizi wake wa 1998 alikuwa nayo, na Fortnite au League of Legends huchezwa kwenye seva za wamiliki tu. Ukweli huu unadhoofisha kazi ya kwanza ya seva na kuiimarisha ya pili, kwa kuwa hata gemu isiyoweza kuendeshwa nyumbani ina mafaili ya kupakua na masasisho yake. Wengine watasema kwamba tangu 2023 Steam yenyewe huhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya LAN. Huduma hiyo ni nzuri, ila inahusu Steam pekee na inaitumikisha mashine ambayo huenda mtu anaichezea.

Usalama na uendeshaji

Seva hii isifunguliwe milango kuelekea intaneti pasipo sababu. Desemba 2021 kasoro iliyoitwa Log4Shell iligusa seva za Minecraft kiasi kwamba ujumbe uliotumwa kwenye gumzo la mchezo uliweza kumpa mshambuliaji udhibiti wa mashine. Ukumbi unaotoza fedha una sharti la ziada: akaunti ya Steam ya mtu binafsi hairuhusiwi kwa biashara, na Valve, kampuni inayomiliki Steam, ina mpango maalumu kwa kumbi hizo. UPS, yaani betri ya akiba, inahitajika panapokatika umeme, ili diski isizimike katikati ya kuandika. Nakala za akiba nazo hufuata hoja ileile: mafaili ya gemu yakipotea yatapakuliwa tena, kwa hiyo akiba itengewe ulimwengu wa Minecraft, mipangilio na rekodi za wachezaji, ambavyo ni vidogo na havipatikani kwingine.

Hoja hii ina mpaka wake. Kompyuta zikiwa mbili au tatu, na gemu zikibadilishwa mara chache kwa mwaka, diski ya nje inayohamishwa kwa mkono hufanya kazi ileile bila gharama ya umeme wa seva. Faida ya seva hukua kwa idadi ya mashine ikizidishwa kwa ukubwa wa masasisho. Anayepanga chumba aanze kwa hesabu hiyo, kisha ndipo aende dukani.