Baiskeli ya Safari Usukumani

Baada ya almasi ya Mwadui kugunduliwa mwaka 1940, na wakulima wa pamba kuungana katika Victoria Federation mwaka 1955, Msukuma aliyepata fedha akaazimia safari ya mbali, tuseme kutoka Shinyanga hata machimbo ya dhahabu ya Geita, hakughilibiwa na wepesi wa baiskeli ya mashindano, yenye usukani uliopinda na matairi membamba, ambayo changarawe na udongo mweusi wa mbuga vingeiadhibu. Alihitari Raleigh, na baadaye Phoenix ya Uchina: chuma kizito, tairi nene, keria ya kubebea gunia. Uzito ule, kwa rai yangu, ulikuwa amana, si aibu. Na fundi wa kijijini alijua kunyoosha rimu yake na kubadili spoku. Baiskeli hiyo nzito ndiyo iliyokuja kubeba abiria mjini Shinyanga, ikiitwa daladala.