Mtaalamu

Meli ya MV Mwanza iliposhushwa majini katika bandari ya Mwanza Kusini, Februari 2023, sifa zilikwenda kwa wataalamu wa Korea Kusini na wa kwetu Tanzania. Neno mtaalamu lina asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na elimu, taaluma na mwalimu, na huko maana yake ni mtu anayejifunza. Kiswahili kimempandisha cheo akawa bingwa, na leo mataifa yanamgombania. Kanada imekuwa ikiwapimia wahamiaji alama za elimu na ujuzi tangu 1967. Ujerumani ilifungua mlango zaidi mwaka 2020, na Septemba 2024 ikatia saini makubaliano na Kenya. Muuguzi aliyefundwa hospitali ya Bugando jijini Mwanza, kwa ada iliyotokana na dagaa na sangara, naye anatazamwa.

Sheria yetu ya ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha mzawa ujuzi wa mgeni. Naiunga mkono kwa moyo wote, maana inamrudisha mtaalamu jirani na mwalimu. Na kijana wa kata ya Igogo, Mwanza, aliyevaa kinyago akachomelea mabati ya meli ile ni mtaalamu pia. Kumwita kibarua ni kumpunja.