Nani analipia rangi? Sanaa, makampuni na ardhi, kutoka Lubumbashi hadi Lusanga

Reli ya kutoka kusini ilipita Sakania kabla ya kufika Lubumbashi mwaka 1910. Ilikuja kufuata mukuba. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ikawa mwajiri mkubwa wa jimbo, na ikajenga kambi za wafanyakazi, shule na hospitali. Katika nchi ya namna hiyo, anayelipia sanaa ana neno juu ya kitakachochorwa.

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini, iliyojulikana kama Le Hangar. Aliwakataza wanafunzi wake kuiga Wazungu, akawaambia watazame mazingira yao wenyewe. Pilipili Mulongoy akachora samaki, ndege na nyoka kati ya majani. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake mistari mifupi mifupi. Uzuri wa pori ulijaa katika kazi hizo, lakini wanunuzi wengi walikuwa Wazungu. Picha ziliondoka.

Wakati huohuo moshi wa bomba la kiwanda, lililowashwa mwaka 1911, ulikuwa ukipelekwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi. Metali zilianguka udongoni. Upande wa Penga-Penga miti ya miombo ilikufa, na ardhi ikabaki wazi. Pori lililochorwa vizuri ukutani lilikuwa linakufa nyuma ya nyumba.

Baada ya uhuru, kampuni ikataifishwa na baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1970 mlipaji wa sanaa alibadilika. Wafanyakazi wenye mshahara walianza kununua picha za kutundika sebuleni, zilizochorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Wengi walitaka mamba muntu, yule mwanamke wa majini anayeleta mali. Wengine walitaka picha ya Colonie belge: mfungwa anachapwa fimbo, bendera ya Ubelgiji inapepea, Mzungu anatazama. Tshibumba Kanda Matulu alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100. Hakuna kampuni iliyomwagiza. Pale mnunuzi alipokuwa jirani, picha ziliweza kusema yale ambayo jirani aliyapitia.

Gécamines ilipoanguka, mnunuzi huyo naye akaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua picha za zamani za kampuni, zenye wafanyakazi na mabwana wao, akaziweka juu ya picha mpya za viwanda vilivyobomoka. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Picha, chama kinachoandaa maonyesho makubwa ya sanaa mjini. Maonyesho ya mwaka 2022 yalibeba mada ya sumu: sumu ya hewa, ya maji, na ile iliyoachwa na ukoloni.

Lakini kuonyesha jeraha si sawa na kulitibu. Kwa hilo, mfano mzuri uko mbali na Katanga, huko Lusanga, jimbo la Kwilu.

Mwaka 1911 Mwingereza William Lever alipewa na serikali ya Ubelgiji haki ya kuvuna michikichi. Lusanga ikaitwa Leverville. Watu walilazimishwa kukata ngazi, na mwaka 1931 Wapende waliasi. Kampuni ya Lever ikaja kuwa Unilever. Kuanzia 2000 hadi 2012 Unilever ilidhamini kazi kubwa za sanaa katika jumba la Tate Modern jijini London. Mamilioni ya watu waliingia kutazama. Jina la kampuni lilipata heshima London, huku udongo wa Lusanga ukiwa umechoka.

Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba hayo, pamoja na mwanamazingira René Ngongo na msanii Mholanzi Renzo Martens, waliunda kikundi cha CATPC. Walifinyanga sanamu za udongo, kisha zikatengenezwa upya Ulaya kwa kakao na mafuta ya mawese, mazao yaleyale yaliyowafukarisha. Sanamu ziliuzwa nje, New York ikiwemo. Pesa hawakuzitumia kupamba ukuta. Walinunua tena ardhi ya mababu, karibu hekta 200, wakapanda miti na chakula pale palipokuwa na zao moja tu. Mwaka 2024 kazi zao ziliwakilisha Uholanzi katika maonyesho ya Venice. Hapo sanaa ilirudisha kitu nyumbani.

Kwa familia zilizohamishwa, hili si jambo la wasanii peke yao. Kupoteza shamba kwa vita au kwa mgodi ni jeraha ambalo mchoro wa tembo kwenye ukuta wa shule hauliponyi. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaidai kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi, na ikubaliane nazo juu ya cahier des charges, yaani orodha ya ahadi zake. Hizo si zawadi. Sanamu, ukuta uliochorwa au bustani vinaweza kuwa na nafasi yake, mradi watu wa Sakania wenyewe wawepo wakati wa kuamua, na visihesabiwe badala ya maji safi, miti na mashamba.

Historia ya jimbo hili imeonyesha mara nyingi mahali rangi zilikotoka. Lusanga imeonyesha mahali pesa za rangi zinakoweza kwenda.